Ubaruku, Mji wa Majaruba: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara kuhusu Historia na Maisha ya Usangu

Maswali haya huulizwa na watu wa aina tatu: wanafunzi wanaoandika kazi za historia, ndugu zetu waliozaliwa hapa wakahamia mijini na sasa wanaulizwa na watoto wao, na wageni wanaotaka kuja kulima mpunga. Nimeyajibu kama mtu aliyekulia kando ya mfereji. Pale ambapo swali lina mzizi mrefu sikulifupisha, na pale ambapo jibu ni moja tu nimelitoa na kuendelea.

Ubaruku iko wapi, na kwa nini hutajwa pamoja na Rujewa?

Ubaruku ni mji mdogo katika Wilaya ya Mbarali, Mkoa wa Mbeya, ndani ya tambarare ya Usangu, upande wa kaskazini wa barabara kuu itokayo Makambako kwenda Mbeya. Rujewa ni makao makuu ya wilaya, na ndipo zilipo ofisi za serikali. Ubaruku imekaa kando ya mashamba makubwa ya mpunga na majaruba, yaani viwanja vya mpunga vilivyozungushiwa kingo za udongo. Miji hii miwili iko karibu sana, hata mtu akisema anatoka Rujewa huenda nyumba yake iko Ubaruku. Wilaya ya Mbarali ilianzishwa mwaka 2000 baada ya kumegwa kutoka Mbeya Vijijini, na katika sensa ya mwaka 2012 ilikuwa na watu zaidi ya 300,000.

Kama hapa ni Nyanda za Juu Kusini, mbona kuna joto?

Kwa sababu Usangu ni bonde lililozungukwa na nyanda za juu. Tambarare yetu ina mwinuko wa mita 1,000 hivi kutoka usawa wa bahari, wakati milima ya Kipengere na Uporoto iliyo kusini mwetu hupita mita 2,000. Anayeshuka kutoka Matamba kwenda Chimala kwa ile barabara ya kona 57 huanza safari akiwa na koti zito, na kabla hajafika chini ameshalivua na kulikunja mapajani. Tofauti hiyo ya mwinuko ndiyo iliyotupa riziki, kama jibu linalofuata litakavyoonyesha.

Maji ya mpunga yanatoka wapi?

Yanatoka milimani. Mvua inayonyesha tambararani kwenyewe ni ya milimita 600 hadi 700 kwa mwaka, tena huja kwa msimu mmoja tu, kuanzia Novemba au Desemba hadi Aprili, nayo haitoshi kukuza mpunga unaotaka kusimama majini kwa miezi. Kule juu, Makete na Uporoto, mvua ni kubwa zaidi na ardhi huihifadhi, ikaachia maji polepole kwenye mito ya Mbarali, Kimani, Chimala na Ruaha Mkuu wenyewe, huku Ndembera ukija kutoka upande wa Mufindi. Mito hii inaposhuka ukingoni mwa milima hupoteza kasi na kusambaa kwenye udongo tambarare, na hapo ndipo watu walipoona kwamba mfereji uliochimbwa kwa jembe unaweza kuyatoa maji mtoni na kuyafikisha shambani kwa kufuata mteremko, bila pampu wala mafuta.

Maji yanayobaki huteremka hadi kwenye oevu la Ihefu, na kutoka Ihefu yote hupitia mlango mmoja mwembamba wa mwamba uitwao Ng'iriama kabla ya kuingia Hifadhi ya Taifa ya Ruaha, kisha mabwawa ya umeme ya Mtera na Kidatu. Msomaji aushike vizuri mpangilio huu, kwa kuwa sehemu kubwa ya migogoro itakayotajwa huku chini imezaliwa nao.

Kabla ya mpunga watu waliishi vipi?

Usangu ilikuwa nchi ya ng'ombe na ya nafaka zinazostahimili ukame. Wasangu walitawaliwa na watemi wa ukoo wa Merere, na katika karne ya 19 utawala wao ulikuwa na nguvu kubwa kabla ya kugongana na Wahehe, waliokuwa wakipanuka kutoka upande wa Iringa. Vita vya Wasangu na Wahehe viliendelea kwa miaka mingi, na Merere alilazimika kuihama nchi yake akaenda kukaa Usafwa, karibu na palipo mji wa Mbeya leo. Jina la Utengule, makao ya Merere, linaonekana kule Usafwa na linaonekana huku Usangu kwa sababu hiyo. Wajerumani walipoibomoa ngome ya Mkwawa, mtawala wa Wahehe, pale Kalenga mwaka 1894, njia ya kurudi Usangu ikafunguka, na Merere akarejea akiwa mshirika wa Wajerumani.

Nawaomba wanafunzi wasiishie kwenye majina ya watemi. Vita vile vilihamisha watu, viliacha mashamba na malisho matupu, na viliifanya Usangu iwe nchi pana yenye wakazi wachache wakati karne ya 20 ilipoanza. Nchi kama hiyo ilikuwa rahisi kupokea wageni, na wageni wakaja kwa wingi.

Ni nani walioanzisha kilimo cha mpunga cha umwagiliaji?

Katika maelezo ya wazee na katika maandishi ya watafiti, Wabaluchi hutajwa kwanza. Hawa ni watu ambao asili yao ni Baluchistani, ng'ambo ya bahari, waliofika pwani ya Afrika Mashariki kama askari na wafanyabiashara wa zama za masultani wa Zanzibar, kisha baadhi yao wakaingia bara na misafara ya biashara. Waliofika Usangu walifungua maduka, wakafuga, wakaoa, na katika kipindi cha kati ya vita viwili vya dunia walianza kuchimba mifereji midogo kutoka mitoni na kulima mpunga eneo la Rujewa na vijiji jirani.

Jibu hilo ni la kweli, lakini likiachwa hapo linawadhulumu wengine. Mifereji ile ilichimbwa kwa mikono ya vibarua na wenyeji, Wasangu na watu walioshuka kutoka milimani kutafuta fedha ya kodi ya kichwa, na wengi wao waliporudi kwenye viwanja vyao walifungua vijaruba vyao wenyewe kwa maarifa waliyoyapata kazini. Mifereji ya asili tunayoendelea kuitumia leo ni kazi ya watu hao, ambao majina yao hayakuandikwa popote isipokuwa pale ambapo mfereji umeendelea kuitwa kwa jina la mtu.

Shamba kubwa la Mbarali lilianzaje?

Baada ya uhuru, na hasa baada ya Azimio la Arusha la mwaka 1967, serikali ilitaka taifa lijitosheleze kwa chakula kupitia mashamba ya umma. Katika miaka ya 1970, kwa msaada wa China, ndipo lilipojengwa Shamba la Mpunga la Mbarali, lenye hekta 3,200 hivi, likiwa na banio, yaani kizuizi cha kuchepusha maji, kwenye Mto Mbarali, mifereji na kiwanda chake cha kukoboa mpunga. Lilikamilika mwaka 1977 na kuwekwa chini ya NAFCO, yaani Shirika la Taifa la Kilimo na Chakula. Zilikuwa pia zama za ujenzi wa reli ya TAZARA, kati ya mwaka 1970 na 1975, kwa hiyo mtoto wa Usangu wa wakati ule aliwaona wahandisi wa Kichina relini na shambani kwa pamoja.

Shamba hilo ndilo lililoufanya mji. Lilihitaji madereva wa matrekta, mafundi mitambo, makarani, walinzi wa mifereji na vibarua wa msimu kwa mamia, nao wakahitaji nyumba, soko, shule na zahanati. Hata ambaye hakuajiriwa alinufaika, kwa kuwa maji yaliyotoka mwishoni mwa mashamba ya shirika, ambayo kwa mahesabu ya wahandisi yalikuwa yamekwisha kazi yake, yalikingwa na wakulima wadogo wakaotesha mpunga wao chini yake. Majirani walijifunza kupandikiza kwa mistari na walijifunza thamani ya mbegu safi, jambo ambalo halionekani katika vitabu vya hesabu vya shamba.

Mashirika ya umma yalipodhoofika, shamba nalo likadhoofika. Mitambo ilisimama, na wakulima wadogo wakawa wanakodishiwa sehemu za ardhi yake. Katika miaka ya 2000 serikali ililibinafsisha. Wapo waliotaka ligawiwe kwa wananchi na wapo walioona kwamba mwekezaji ataifufua mifereji na ajira, na mjadala huo haujakoma vibarazani. Nionavyo mimi, pande zote mbili zilikuwa na hoja nzito: ardhi ile ilikuwa imeshalishwa jasho la watu wa hapa kwa miaka 30, na mifereji isiyokarabatiwa haimfai mkubwa wala mdogo.

Je, kuna mashamba mengine ya aina hiyo?

Ndiyo. Kapunga, lenye hekta 3,000 hivi, lilijengwa na NAFCO kuelekea miaka ya 1990 kwa mkopo wa Benki ya Maendeleo ya Afrika, likiwa na eneo la wakulima wadogo pembeni, na baadaye likabinafsishwa pia. Madibira, inayotumia maji ya Ndembera, ilifuata njia nyingine kabisa: hekta zake 3,000 hivi ziligawiwa wakulima wadogo, hekta moja moja, chini ya chama chao cha ushirika. Mwanafunzi anayetaka kulinganisha njia mbili za kuendesha umwagiliaji mkubwa hana haja ya kwenda mbali.

Watu wa hapa ni kabila gani?

Wasangu ndio wenyeji, lakini ukisimama sokoni siku yenye watu wengi utawasikia Wabena, Wahehe, Wakinga, Wawanji, Wasafwa, Wanyakyusa, Wasukuma, Wagogo, Wamasai na Wabaluchi. Wabena na Wawanji walishuka kutoka milimani kufuata ardhi ya mpunga, Wakinga walikuja na maduka yao, na Wasukuma walifika kwa wingi kuanzia miaka ya 1970 na 1980 wakiswaga ng'ombe. Wasukuma walileta pia plau na maksai, na kwa muda mfupi majaruba ambayo zamani yalitifuliwa kwa jembe la mkono yakawa yanalimwa kwa siku chache. Eneo la mpunga lililopanuka Usangu katika miaka ile lilipanuliwa kwa kiasi kikubwa na ng'ombe hao.

Kiswahili ndicho lugha ya mji, kikiwa na maneno ya kila upande, na salamu ya “kamwene” huitikiwa hata na wasio Wabena wala Wahehe. Misikiti na makanisa yamejengwa jirani, na misiba haiulizi dini: wanaume huchimba kaburi, wanawake hukusanya mchele na kuni, na jirani ambaye zamu yake ya maji imeangukia siku ya msiba hupewa siku nyingine bila kugombana.

Zamu ya maji ni nini, na maji hugawanywaje?

Swali hili nalipenda kuliko yote, kwa sababu anayeelewa zamu ya maji ameuelewa mji.

Maji hutolewa mtoni kwa banio. Banio la asili lilikuwa la mawe, magogo, nyasi na udongo, na kila mvua kubwa ililibomoa. Mabanio mengi ya sasa ni ya zege na yana lango la chuma. Kutoka hapo maji huingia mfereji mkuu, huchepushwa katika mifereji ya kati, kisha huingia jaruba la kwanza na kupita kwenye vijilango vya kingo hadi jaruba la mwisho. Kila skimu, yaani mradi wa umwagiliaji, ina wanachama, kamati na mgawa maji, ambaye kazi yake ni kufungua na kufunga milango kwa mujibu wa ratiba. Kabla ya msimu, wanachama wote hutoka kusafisha mfereji, kila mmoja kipande alichopimiwa, na asiyetoka hulipa faini au hutuma kibarua. Mwenye shamba la mbele, karibu na banio, na mwenye shamba la mwisho hupimiwa sawa, ingawa wa mbele angeweza kupata maji hata mfereji ukiwa na magugu. Haki ya wa mwisho huanzia kwenye kipimo hicho, na kamati inayoruhusu wa mbele wakwepe kazi hiyo hujikuta na ugomvi ifikapo Februari.

Wakati maji ni mengi hakuna anayetazama ratiba. Yakipungua, zamu hupangwa kwa saa, usiku na mchana. Nikiwa kijana nilitumwa na baba mkubwa kukesha kwenye kijilango chetu na tochi, kwa sababu zamu yetu ilianza saa sita usiku na kuisha alfajiri, na mtu angeweza kusogeza udongo kidogo tu kwa mguu akayageuza maji bila kelele. Usiku huo nilikutana na mzee wa shamba la chini aliyekuwa akikesha kwa sababu ile ile. Tulikaa kwenye ukingo mmoja hadi kulipopambazuka, kila mmoja akiyalinda maji yake, na alinifundisha kusikiliza: maji yakiibwa juu, sauti kwenye kijilango hubadilika kabla hayajapungua machoni.

Juu ya skimu kuna jumuiya za watumia maji, zinazounganisha skimu zote za mto mmoja, na juu yao kuna Bodi ya Maji ya Bonde la Rufiji, yenye makao yake Iringa, inayotoa vibali vya kutumia maji chini ya Sheria ya Usimamizi wa Rasilimali za Maji ya mwaka 2009. Mabanio na skimu zenyewe ziko chini ya uangalizi wa Tume ya Taifa ya Umwagiliaji, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2013. Kibali husema ni maji kiasi gani yanaruhusiwa na kwa msimu gani. Wakati wa kiangazi milango hutakiwa kufungwa ili mto upate kuishi. Hapo ndipo sheria na shibe hupambana, kwa kuwa bustani ya nyanya, vitunguu au maharage ya kiangazi inayotumia maji machache tu humsomesha mtoto.

Msimu wa mpunga huendaje?

Mbegu huatikwa kitaluni Novemba na Desemba, maji ya kwanza yanapofika. Huku miche ikikua, jaruba huloweshwa, hulimwa kwa maksai au pawatila, yaani trekta dogo la kusukumwa kwa mkono, kisha huchavangwa, yaani tope huvurugwa na kusawazishwa hadi lishike maji kama bakuli. Anayechavanga vibaya hulipa msimu mzima, kwani sehemu iliyoinuka huota magugu na iliyozama huozesha miche. Kupandikiza hufanyika Januari na Februari, na ndiyo kazi ya watu wengi kuliko zote: makundi ya kina mama na vijana huhama shamba hadi shamba, migongo imeinama, miche imeshikwa mkono wa kushoto na kuchomekwa kwa mkono wa kulia.

Kisha hufuata palizi, mbolea, na vita na ndege. Kwelea kwelea huja kwa makundi yanayotia giza, na mpunga ukiwa katika maziwa wanaweza kuumaliza kwa siku chache. Familia huhamia vibandani shambani, watoto hupiga madebe na kuvuta kamba kuanzia alfajiri, na makundi yakizidi serikali hutuma ndege ya kunyunyizia sumu. Lazima niseme wazi kwamba mtoto anayewinga ndege mwezi mzima amekosa shule mwezi mzima, na walimu wa hapa wanaijua hasara hiyo kwenye rejista zao.

Mavuno huanza Mei na kuendelea hadi Julai. Mpunga hukatwa kwa mundu na kupigwa juu ya turubai, ingawa mashine za kuvunia zimeongezeka, na mji hubadilika sura: malori, wachuuzi, mafundi cherehani, harusi, ulipaji wa madeni ya mwaka.

Hulimwa mbegu gani, na kilimo shadidi ni nini?

Wengi hupenda Supa kwa harufu na ladha yake, na SARO 5 kwa mavuno yake makubwa na kukomaa mapema. Mlaji wa Dar es Salaam husema “mchele wa Mbeya” bila kutofautisha wa Usangu na wa Kyela. Sisi huutofautisha kwa pua.

Kilimo shadidi ni njia ya kupandikiza mche mmoja mmoja ukiwa mchanga, wa siku 8 hadi 12, kwa nafasi ya sentimita 25 kwa 25, na kuyaingiza maji na kuyatoa kwa zamu badala ya kuyatuamisha muda wote. Hupunguza maji na mbegu na huongeza machipukizi. Hukataliwa na wengi kwa sababu moja ya kweli: huwezi kutoa maji shambani leo kama huna uhakika wa kuyapata kesho. Jaruba lililojaa ni akiba ya mtu asiyeiamini ratiba. Kwa hiyo shadidi hushamiri katika skimu zenye ugawaji mzuri, na maelekezo ya bwana shamba peke yake hayatoshi. Chuo cha Kilimo Igurusi, kilichobobea katika umwagiliaji, kipo humu humu wilayani kwa anayetaka kujifunza kwa kina.

Kwa nini wakulima wanalalamikia lumbesa?

Lumbesa ni gunia lililojazwa kupita kipimo na kushonewa kilemba juu, likahesabiwa kama gunia moja. Mkulima huuza kilo asizolipwa. Dawa yake ni mizani, na mahali ambapo maghala yanapima kwa kilo malalamiko yamepungua. Gunia la kilo 100 za mpunga hutoa takribani kilo 65 za mchele. Anayeweza kusubiri akoboe na kuuza mchele hupata zaidi ya anayeuza mpunga mbichi shambani, lakini wengi wameshakula fedha ya mavuno kabla ya mavuno, kwa mkopo wa mbolea na vibarua.

Je, ni kweli kwamba wakulima wa Usangu waliukausha Ruaha Mkuu?

Tangu mwaka 1993 Ruaha Mkuu umekuwa ukikatika wakati wa kiangazi ndani ya hifadhi, mahali ambapo zamani maji yalipita mwaka mzima. Viboko na samaki hukusanyika kwenye madimbwi yaliyobaki, na hili si jambo la kubishia. Maji yanayochepushwa kiangazi na skimu za Usangu hupunguza yale yanayofika Ihefu, na Ihefu ikishuka chini ya kizingiti cha mwamba wa Ng'iriama, haitoi kitu. Katika hilo tunahusika, na mtu wa hapa anayekataa hajawahi kushuka mto Oktoba.

Lakini tulibebeshwa pia mzigo usio wetu. Umeme ulipopungua nchini katika miaka ya 1990, lawama zilielekezwa kwa mkulima wa Usangu. Mtera hujazwa na mafuriko ya masika, wakati mto umefurika na mifereji yetu haichukui ila sehemu ndogo. Vijito vya Septemba, hata vingeachwa vyote, havijazi bwawa la ukubwa ule. Watafiti waliofanya kazi katika bonde hili kuelekea na baada ya mwaka 2000 walionyesha kwamba namna mabwawa yenyewe yalivyoendeshwa ilikuwa na sehemu kubwa katika upungufu huo. Kuyatenganisha masuala haya mawili, la kiangazi na la umeme, ni haki kwa mkulima na ni haki kwa mto, kwa sababu mkulima anayeshtakiwa kwa lisilo lake huziba masikio hata kwa lililo lake.

Mgogoro wa mpaka wa hifadhi ulitokeaje?

Mwaka 2006 na 2007 wafugaji waliondolewa Ihefu na Usangu pamoja na mifugo yao, wengi wakaelekezwa mikoa ya Lindi na Pwani, na ng'ombe wengi walikufa njiani. Mwaka 2008, kwa Tangazo la Serikali Namba 28, pori la akiba la Usangu liliunganishwa na Hifadhi ya Taifa ya Ruaha, ambayo ikapita kilomita za mraba 20,000, na baadhi ya vijiji na mashamba yakajikuta ndani ya mstari. Kwa miaka 15 watu walijenga, walilima na kuzika wasijue kama wako kwao. Mwaka 2023 mipaka ilitangazwa upya kwa Tangazo Namba 754, na maeneo kadhaa yakarudishwa kwa wananchi. Mwenye shughuli karibu na mpaka aulize ofisi ya kijiji na ya wilaya, asitegemee maneno ya mwenye shamba anayekodisha.

Maji ya mfereji yanafaa kunywa?

Hayafai. Yamepita kwenye mashamba yaliyowekewa dawa na mbolea, mifugo hunywa humo, na kichocho kipo. Yachemshwe au yachukuliwe ya bomba na visima, na anayefanya kazi majini muda mrefu apime kichocho kila mwaka.

Timu ya soka ya Ihefu iliyoifunga Yanga ilikuwa ya hapa?

Ilikuwa ya hapa. Ihefu ilipanda Ligi Kuu mwaka 2020, ikashuka, ikarudi mwaka 2022, na tarehe 29 Novemba 2022, kwenye uwanja wa Highland Estates hapa Ubaruku, iliifunga Yanga mabao 2 kwa 1 na kuukata mfululizo wa michezo 49 ya ligi bila Yanga kufungwa. Siku hiyo kuatika kulisimama. Watu waliokuwa vitaluni walikuja uwanjani na tope miguuni, na jina la oevu letu, ambalo nchi ilizoea kulisikia katika habari za ukame na mifugo, likatajwa kwa furaha. Oktoba 2023 Yanga ilifungwa tena hapa hapa, kwa mabao yale yale. Mwaka 2024 timu ilihamia Singida na leo inaitwa Singida Black Stars. Vijana bado hucheza hapa jioni, na wapo wanaovaa jezi za zamani za Ihefu kwenda nazo shambani.

Nataka kuja kulima. Nianze wapi?

Anza kwa kukodi ekari moja, usinunue. Kabla ya kulipa, uliza mambo matatu: shamba liko mbele, kati au mwisho wa mfereji, kodi inajumuisha ada ya maji au la, na mwenye shamba alitoka kusafisha mfereji mwaka jana. Kisha nenda kwa mwenyekiti wa skimu ukayaulize tena mambo hayo hayo, na mkataba uandikwe mbele ya uongozi wa kijiji. Shamba la mwisho wa mfereji hukodishwa kwa bei nafuu, na mgeni hudhani amepata bahati hadi Februari inapofika.

Mgeni anayetaka kuona tu afike mwezi gani?

Mwishoni mwa Februari, kupandikiza kunapokaribia kwisha na tambarare yote ni ya kijani hadi miguuni mwa milima, au Juni kwa anayetaka kuona soko. Aombe ruhusa kabla ya kupita juu ya kingo, hasa zile zenye udongo mbichi, kwani alama ya kiatu kwenye ukingo uliotoka kufinyangwa huwa tundu kabla ya jua kuzama, na maji ya jaruba zima huondoka hapo usiku.